"Nzuri, ila…": mwongozo kamili wa kuzungumza na mwanaume aliyejifungia

Salamu yetu ina mtego. Ukimuuliza mtu habari zake, adabu inamtaka ajibu "nzuri", hata kama jana ametoka kuzika. Mwenye jambo huanza na hiyo "nzuri", halafu anachomeka neno dogo: "Nzuri tu, ila mtoto anaumwa." "Salama, ila kazi imesimama." Wanawake wengi huifikia hiyo "ila" kwenye kikoba, saluni, au wakisukana barazani. Wanaume wengi huishia kwenye "poa" au "freshi", na mazungumzo yanahamia Simba na Yanga.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kumfikisha mwanaume kwenye "ila", na la kufanya akishafika. Umeandikwa kwa ajili ya mtu wa karibu: rafiki, mke, kaka, mtoto mkubwa, mwenzake wa kazini. Kama mwenye mzigo ni wewe, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya "Ukiwa wewe ndiye".

Jambo moja tuliondoe njiani mapema. Watu husema mwanaume halii, kana kwamba ni sheria ya dini. Waislamu wanajua kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya maswahaba, na Wakristo wanajua kwamba Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro. Maneno ya moyoni wanaume wanayo tele. Kinachowazuia ni hesabu waliyokwisha kuipiga: neno likitoka litarudi kama dhihaka kijiweni, kama silaha siku ya ugomvi wa ndoa, au kama sababu ya bosi kumnyima safari. Na mara nyingi hesabu hiyo ni sahihi, kwa hiyo usianze kwa kumlaumu. Anza kwa kuibadilisha hesabu yenyewe.

Mtazame kwa wiki mbili

Mwanaume mwenye sonona, yaani ugonjwa wa akili unaomwondolea mtu raha na hamu ya maisha, mara nyingi haonekani mwenye huzuni. Anaonekana mkali. Anagombana na kondakta kwa shilingi mia, anafokea watoto kwa kelele ambazo mwaka jana zilimchekesha. Au anatoweka: haji uwanjani, hapokei simu, anarudi nyumbani watu wameshalala ili asiulizwe kitu. Wengine hujizika kazini saa kumi na sita kwa siku, na jamii inawasifu kwa bidii.

Angalia pia mwili, maana mwili husema kile ambacho mdomo umekataa. Kichwa kinachouma kila jioni, mgongo, kifua kubana, moyo kwenda mbio, tumbo analoliita vidonda. Ameshapima malaria hana, taifodi hana, anameza dawa za maumivu kila siku. Hamu ya tendo la ndoa imepungua, na hapo wengi hukimbilia dawa za nguvu za kiume za mtaani badala ya kuuliza kwa nini. Halafu kuna pombe iliyoongezeka, na mikeka ya kubeti anayoiweka mpaka saa nane za usiku.

Kipimo ni muda na badiliko. Siku tatu za kununa baada ya kufiwa au kufukuzwa kazi ni ubinadamu. Mabadiliko yanayodumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na yanayogusa usingizi, kazi au nyumba, yanastahili mazungumzo. Ila usingoje wiki mbili ukiona dalili hizi: anagawa vitu vyake, anaaga kwa namna isiyo ya kawaida, anasema watu watapumzika asipokuwepo, au ametulia ghafla baada ya wiki za mateso. Huo utulivu wa ghafla watu huufurahia, kumbe wakati mwingine ni wa mtu aliyekwisha kuamua. Ukiuona, zungumza naye leo.

Mahali kwanza, maneno baadaye

Kosa linaloharibu mazungumzo mengi hutokea kabla hayajaanza: kumketisha mwanaume kitini, uso kwa uso, na kumwambia "tunahitaji kuongea". Mkao huo anaujua. Ni wa mwalimu mkuu, wa polisi, wa kikao cha ukoo. Atajibu kama mshtakiwa.

Chagua mkao wa bega kwa bega, mikono ikiwa na kazi. Kuosha pikipiki. Kutembea kwenda shambani. Kukaa kiti cha mbele cha gari kwenye safari ndefu, macho yote yakiwa barabarani. Kuvua, kupalilia, kulisha kuku wa kuuza. Pwani kuna baraza baada ya sala ya Isha, wenzenu wakishaanza kuondoka mmoja mmoja na birika la kahawa likibaki na mkupuo wa mwisho. Nafasi hiyo ni nzuri kuliko ofisi yoyote ya ushauri, kwa sababu hapo mtu anaweza kusema neno akiangalia barabara.

Tenga dakika arobaini ambazo hakuna mtu atakayewafuata. Simu yako iwe mfukoni, imenyamazishwa. Asiwepo mke wala watoto wake wa kusikia. Usianzishe baa baada ya chupa ya tatu: atasema mengi, kesho atakumbuka nusu na ataona aibu kwa yote, na utakuwa umeufunga mlango kwa miezi. Usianzishe kwenye kundi la WhatsApp hata kama ni la ndugu wa damu. Na epuka siku ya kodi ya nyumba au ya ada, kwa kuwa siku hiyo atakusikia kama mdai mwingine.

Sentensi ya kwanza

Taja ulichokiona, usitaje ugonjwa. "Una sonona" au "umechanganyikiwa" ni hukumu, naye atakata rufaa. Ulichokiona kwa macho hawezi kukibishia.

Rafiki kwa rafiki: "Kaka, wiki ya tatu hii huji uwanjani, na juzi nimekuona stendi umekaa tu, hata abiria huiti. Nimekuwaza."

Mke kwa mume, wakiwa wawili na nyumba imetulia: "Baba Juma, naona usiku unageukageuka mpaka alfajiri. Sikuulizi ili nikulaumu. Niko hapa." Sentensi ya katikati ndiyo yenye kazi, maana wanaume wengi wanasubiri lawama ya pesa ifuate.

Mtoto kwa baba ni pagumu zaidi, na hatupendekezi kupafanya kana kwamba ni pepesi. Baada ya shikamoo, mtoto anaweza kusema, "Baba, naona siku hizi chakula unakiacha. Naomba nikusindikize kupima," na akaishia hapo. Kama mila ya kwenu hairuhusu zaidi, mfuate mtu wa rika lake: baba mdogo, shemeji yake, rafiki aliyesoma naye. Mwambie ulichokiona, umwachie yeye nafasi ya kuuliza.

Yupo pia mtani, ambaye watu humsahau. Mchaga kwa Mpare, Mnyamwezi kwa Mzaramo, mjukuu kwa babu: mtani ana ruhusa ya kusema mbele ya watu kile ambacho ndugu wa damu angeonekana amekosa adabu akikisema, na msibani ruhusa hiyo huonekana waziwazi. Mtani mwenye busara anaweza kumwambia mtu, "Wewe umekonda mpaka fisi wamekukataa, unaficha nini?" na akajibiwa kweli. Lakini utani hukata pande mbili. Mtani huyohuyo akimcheka mtu aliyetokwa na machozi, mtu huyo hatajaribu tena kusema. Kwa hiyo utani uwe wa kufungulia tu, na mlango ukifunguka uwekwe chini.

Akijibu "poa tu", usibishane. Uliza mara ya pili kwa upole, na swali liwe la usingizi: "Usiku unalala lakini?" Tunalipenda swali hili kuliko mengine yote. Halina aibu ndani yake, halimdhalilishi mtu, na karibu kila mwenye shida ya akili ana jibu lake. "Nalala, ila saa tisa naamka, basi tena." Hiyo ndiyo "ila" uliyokuwa ukiisubiri.

Ukishaisikia "ila"

Nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi na tano kabla ya kusema lolote. Ukimya huo utakuchoma wewe kuliko yeye, na watu wengi huujaza kwa nasaha. Sentensi ya pili, ile nzito, huja baada ya ukimya.

Akisema, mrudishie maneno yake mwenyewe: "Unaamka saa tisa, basi tena." Halafu, "Ukishaamka unawaza nini?" Maswali yawe mafupi na yaliyo wazi. Usiulize "kwa nini" mara nyingi, kwani humfanya mtu ajitetee. Uliza "tangu lini", "ilianzaje", "siku ikiwa mbaya kabisa inakuwaje".

Yapo maneno yanayofunga mlango, na yote yanasemwa kwa nia njema. "Jikaze" ndilo kubwa lao. Amejikaza kwa miezi sita. Kukaza kumeshindwa ndiyo maana mko hapo. "Wapo wenye shida kuliko wewe" humwongezea hatia juu ya maumivu. "Mshukuru Mungu una watoto" humfunza kwamba watoto ni hoja dhidi yake. "Hilo dogo, hata mimi niliwahi" huyageuza mazungumzo yawe yako. Na kuna "umechezewa", yaani umerogwa: ukishalisema hilo umempa adui wa kumsaka, na wiki mbili zijazo zitaishia kwa mganga na pesa alizokuwa hana.

Akilia, usimkimbilie na leso wala usimwambie anyamaze. Kaa palepale. Mkono begani unatosha, kama ndivyo mlivyozoeana. Machozi yakiisha ataona haya na atatania. Cheka naye kidogo, kisha mwambie, "Nashukuru umeniambia. Hili halitoki hapa." Na lisitoke kweli, hata kwa mkeo, hata kwa mchungaji au sheikh, bila ruhusa yake. Lipo jambo moja tu linalovunja ahadi hiyo, nalo ni lifuatalo, kwa hiyo usiahidi siri ya kila kitu.

Swali ambalo watu hulikwepa

Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu 720,000 wanaokufa kwa kujiua kila mwaka, na duniani kwa ujumla wanaume hufa hivyo kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wanawake. Sababu mojawapo ni kwamba wanaume huchelewa kuomba msaada na huchagua njia zisizotoa nafasi ya kuokolewa.

Watu wanaogopa kwamba kuuliza kutamtia mtu wazo. Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba kuuliza hakupandi mbegu, wengi hupumua. Uliza kwa maneno yasiyozunguka: "Mtu akifikia hapo, wakati mwingine huwaza kufa. Wewe umewahi kuwaza kujiua?" Usiulize "Huwazi ujinga, eti?" Hapo umeshamwambia jibu unalolitaka.

Akisema ndiyo, usipige kelele. Uliza mambo matatu: anawaza mara ngapi, ana mpango wa namna na siku, na kile anachofikiria kukitumia kiko karibu naye? Majibu yanakupa hatua.

Anawaza, ila hana mpango: usimwache wiki ipite bila kumfikisha kwa mtaalamu, na mkubaliane nani mwingine ajue. Watu wawili wanaojua ni bora kuliko mmoja, kwa sababu mmoja hulala.

Ana mpango au ana kifaa karibu: asiachwe peke yake, hata chooni mlango usifungwe kwa komeo. Viuatilifu vya shambani, dawa za hospitali zilizojaa kabatini na silaha ziondoke nyumbani leo, ziende kwa jirani au ndugu. Watu hubeza hatua hii wakisema anayetaka atapata tu. Sivyo. Wimbi kali la kutaka kufa mara nyingi hupita ndani ya saa chache, na umbali kati ya mtu na kifaa huokoa. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi kuanzia miaka ya 1990, vifo vya kujiua nchini humo vilipungua sana. Kisha nendeni hospitali iliyo karibu inayopokea wagonjwa wa dharura, usiku huohuo. Kama ameshameza kitu, usimtapishe wala kumpa maziwa. Mkimbize hospitali pamoja na chupa au pakiti yenyewe.

Kwa simu: Tanzania, namba 199 ya Wizara ya Afya ni ya bure. Kenya, 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure pia, na Befrienders Kenya wanapatikana kwa 0722 178 177.

Sheria nayo inastahili kujulikana, kwa kuwa hofu yake huwafanya watu wadanganye hospitali. Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226, kilichokuwa kinafanya hivyohivyo, kinakiuka Katiba. Popote ulipo, mweleze daktari ukweli wa alichokimeza na kiasi chake. Daktari asiyejua hawezi kutibu.

Kazi ya karatasi: deni, pombe, mikeka

Ukichimba chini ya ukimya wa mwanaume, mara nyingi utakuta pesa. Mikopo ya kausha damu, ada, bodaboda ya mkataba iliyoibwa, pesa ya kikundi iliyoliwa na mkeka. Hapa maneno ya faraja peke yake hayafiki mbali.

Zimbabwe wana njia inayofanya kazi. Daktari wa akili Dixon Chibanda aliianzisha Harare mwaka 2006: bibi waliopewa mafunzo wanakaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki. Wanaita hali yenyewe, kwa Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, neno ambalo halihitaji kamusi kwa anayesema "ana mawazo". Jaribio lao lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha nafuu kubwa, na Zanzibar nayo imeichukua njia hiyo. Ila waliofika kwenye jaribio lile walikuwa wanawake kwa wingi mno. Wanaume hawaendi kwenye benchi la kliniki. Kwa hiyo chukua njia yao uipeleke pale wanaume wanapokaa tayari.

Hatua zake ni hizi. Mwambie aorodheshe kila kinachomkaba, wewe ukiandika. Deni liandikwe na jina la mdai, kiasi kilichobaki na tarehe. Usishtuke kwa jumla. Watu wengi hawajawahi kuiona jumla yao, na kuiona kwenye karatasi huwa rahisi kuliko kuibeba kichwani saa tisa usiku. Kisha yeye mwenyewe achague moja. Lisiwe kubwa kuliko yote. Liwe lile ambalo likitikisika ataona tofauti. Andikeni njia tano au sita za kulishughulikia, hata za kipuuzi. Achague moja, aivunje iwe tendo dogo lenye siku na saa: "Jumanne saa nne nampigia mdai wa 150,000 nimwombe anigawie kwa wiki sita." Kutaneni Jumatano. Kama hakupiga, usimkaripie. Tafuteni nini kilimzuia, mlipunguze tendo. Fanyeni hivi mara nne mpaka sita.

Yanayoharibu: msaidizi kuchagua tatizo kwa niaba yake, kutoa mkopo wako hapohapo (umegeuka mdai mwingine), na kurukia tatizo la pili kabla ya la kwanza kujongea.

Kwa mikeka, aifute programu ya kubeti, na laini ya pesa ikae na mtu anayemwamini kwa muda. Pombe inataka uangalifu wa pekee. Anayekunywa sana kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate ya kuzimua, asiachishwe ghafla nyumbani. Kukatisha ghafla kunaweza kuleta degedege na hata kifo. Huyo aachishwe chini ya daktari.

Kumfikisha hospitali

Kikwazo kikubwa ni jina la hospitali ya wagonjwa wa akili. "Atapelekwa Mirembe" ni tusi Tanzania, kama "Mathari" kwa Nairobi na "Kidongo Chekundu" kwa Unguja. Mweleze kwamba wengi hawalazwi popote. Kazi huanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na zile za mkoa na za rufaa kama Muhimbili, Bugando na KCMC zina kliniki za afya ya akili ambako mtu huingia asubuhi na kurudi kazini mchana.

Msindikize. Kumwambia "nenda ukawaone" ni sawa na kutomwambia. Atafika getini atageuka. Shika foleni wewe, yeye akae nje chini ya mwembe mpaka jina liitwe.

Mwandikie kikaratasi asome au amkabidhi daktari, maana akiingia ndani atasema "kichwa kinauma" na atatoka na panado. Kiwe na mistari mitano: tangu lini, usingizi ukoje, kula na kazi, pombe au bangi kiasi gani kwa wiki, na kama amewaza kujiua.

Huenda akaulizwa maswali tisa ya kipimo kinachoitwa PHQ-9. Yanahusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu ya mambo, huzuni au kukata tamaa, usingizi, uchovu, kula, kujiona umeshindwa, kushindwa kutuliza mawazo, kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila swali lina alama 0 mpaka 3, kuanzia "hapana kabisa" hadi "karibu kila siku", na jumla ya juu ni 27. Alama 10 na zaidi ni sababu ya kutosha kuonana na mtaalamu. Swali la tisa likiwa na alama yoyote zaidi ya 0, lizungumzwe siku hiyohiyo. Mnaweza kuyajaribu nyumbani, ila kipimo hiki huchuja tu. Daktari mzuri ataangalia pia damu, sukari na tezi ya shingo, kwa sababu magonjwa hayo huiga sonona.

Akipewa dawa, mara nyingi ni fluoksetini asubuhi, au amitriptilini usiku. Wanaume wengi huziacha kwa sababu mbili, na zote zinaweza kuzuiwa kwa kuambiwa mapema. Ya kwanza: madhara huja kabla ya nafuu. Kichefuchefu, kinywa kukauka, usingizi mzito au kukosa usingizi hutokea wiki ya kwanza. Nafuu huanza wiki ya pili mpaka ya nne, na kukamilika huchukua zaidi. Ya pili: fluoksetini inaweza kupunguza nguvu au hamu ya tendo la ndoa. Anaona aibu kusema, anaitupa kimyakimya. Mwambie amwambie daktari, dawa inaweza kubadilishwa. Akipata nafuu asiache siku hiyo. Huendelea kwa miezi kadhaa, kwa kawaida 6 au zaidi, na kuacha hupunguzwa polepole kwa maelekezo. Amitriptilini nyingi kwa pamoja ni hatari kwa maisha, hivyo kama aliwahi kuwaza kujiua pakiti ikae na mtu mwingine, apewe ya wiki.

Sala, dua na maombi vinaweza kwenda sambamba na dawa. Kiongozi wa dini anayemwambia mgonjwa atupe dawa ili aonyeshe imani amevuka mpaka wake, na mtafute kiongozi mwingine wa dini hiyohiyo wa kumjibu. Daktari akimjibu, haitasaidia.

Ukiwa wewe ndiye

Chagua mtu mmoja. Asiwe lazima wa karibu kuliko wote. Awe yule ambaye hujawahi kumsikia akisimulia siri ya mwingine. Hicho ndicho kipimo chote.

Kama sauti haitoki, tuma ujumbe: "Kaka, nzuri ila sipo sawa. Sitaki ushauri bado, nataka unisikilize tu. Jumamosi una nafasi?" Sehemu ya "sitaki ushauri" itakuokoa na hotuba. Ukifika, anza na mwili: usingizi, kifua, uchovu. Yanayobaki yatafuata njia hiyohiyo. Huhitaji kueleza yote siku moja. Sema theluthi, uone ameibebaje.

Akikucheka au akakujibu "jikaze", umejua jambo kuhusu yeye, hujajua chochote kuhusu wewe. Nenda kwa wa pili. Kama mawazo ni ya kujiua, usisubiri wa pili: piga namba zilizotajwa au nenda hospitali.

Akikataa

Wengi hukataa mara ya kwanza. Usimfuate kila siku na swali lilelile. Mwambie, "Sawa. Nitakuuliza tena wiki ijayo," na wiki ijayo uulize kweli, siku uliyoitaja. Katikati, endelea na ya kawaida: mpira, kazi, kuazima panga. Asione kwamba amegeuka mgonjwa wako.

Akikataa mara ya tatu, badilisha mtu kabla ya kubadilisha maneno. Pengine wewe ni mdogo wake, au unamdai, au unafanya kazi na shemeji yake. Mtafute kinyozi wake, kapteni wa timu, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, mumwelekeze pamoja swali la usingizi. Na akikubali kwa huyo, usikasirike kwamba hakukwambia wewe. Usimwonyeshe hata kama unajua.

Akishaanza kusema, weka alama kwenye kalenda ya simu: siku ya tatu, wiki ya kwanza, halafu kila wiki mpaka miezi mitatu ipite. Ukimwuliza habari akakujibu "nzuri", mpe sekunde chache za ziada kabla hujaendelea na safari yako.